Karatasi ya Vidonge Vinne

Ummkulthum Himid alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Aliogopa radi. Aliogopa boti ya kwenda Unguja hata bahari ikiwa imetulia tuli. Aliogopa kuvuka barabara pale Wete sokoni, mpaka wanafunzi wake wakawa wanamshika mkono na kumvusha huku wakimcheka. Miaka kumi na tano alikuwa akisomesha fizikia skuli ya sekondari, na kila siku ya kwanza ya muhula tumbo lilimsokota utadhani yeye ndiye mwanafunzi mgeni. Ukiuliza mtu mwoga namna hii alifikaje kwenye elimu ya atomu na ya chembe zilizo ndogo kuliko atomu, jibu ni kwamba uoga wenyewe ndio uliompeleka huko.

Alikaa Gando, katika nyumba aliyozaliwa. Baba yake, Mzee Himid, alikuwa mwandishi wa kombe. Watu walimjia kutoka Kiuyu, na wengine kutoka Makoongwe kule kusini, wamekumbatia sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kitambaa. Yeye aliandika aya juu ya sahani kwa zafarani, akaiosha kwa marashi, na mgonjwa akanywa yale maji asubuhi saba. "Mie sijui kitu, ajuaye ni Mungu," alimwambia kila aliyekuja, na kadiri alivyosema hajui ndivyo watu walivyozidi kumwamini.

Ummkulthum alipokuwa na miaka kumi na moja, mama yake alipata homa baada ya kujifungua. Mzee Himid alimwandikia mkewe asubuhi saba. Ya nane wakampeleka hospitali, na huko wakaulizwa walikuwa wapi siku zote hizo. Mama alifariki adhuhuri ile ile. Baba hakulizungumza jambo hilo tena mpaka naye alipoingia kaburini, na binti yake akabaki na swali moja: je, hakujua kuwa kombe lake limeshindwa, au alijua akanyamaza?

Kwa hiyo yeye hakuandika. Watu walipokuja baada ya msiba wa baba na sahani zao, aliwarudisha. Wakarudi tena, akawarudisha tena. Wakasema ana roho ngumu, elimu ameachiwa na anainyima. Yeye alikuwa akitetemeka tu nyuma ya mlango.

Miaka miwili iliyopita alipata nafasi ya kusoma kwa mtandao katika chuo kimoja cha ng'ambo, utangulizi wa nadharia fulani za uga, za kukokotoa mwenendo wa chembe, ambazo kwa Kiswahili hazijapata jina lililokaa sawa. Mwenyewe aliziita nadharia za mpaka. Siku moja kwenye chumba cha walimu alimweleza Mwalimu Talib, anayesomesha jiografia. Mnunuzi wa karafuu, alisema, hahesabu punje moja moja wala haulizi mafuta ya ndani yameundwa na nini. Anavunja moja, anaisikia imekauka, anapima pishi yake, basi. Yote asiyoyajua ya ndani yamejikusanya kwenye vipimo viwili vitatu anavyoweza kuvichukua akiwa nje. Atomu nayo ndivyo. Elektroni iko mbali, na kwa umbali ule protoni ni nukta tu. Ukitaka usahihi zaidi unaongeza kipimo kimoja, cha ukubwa wa ile nukta. Ukitaka zaidi ya hapo unaongeza kingine, na kila unachoongeza ni kidogo kuliko kilichotangulia.

"Lakini kila nadharia ya namna hii ina mpaka wake," akasema. "Ukisogea karibu mno, ukipandisha nishati mno, ile nukta inafunguka, na ndani mna mambo ambayo hesabu yako haikuyajua kabisa. Na alama ya kuwa umevuka ni hii: nyongeza zinaanza kukua badala ya kupungua."

"Kwa hiyo mnasoma kutojua," Talib akasema akicheka.

"Tunasoma kutojua bila ya kujidanganya," Ummkulthum akajibu, na yeye hakucheka.

Sasa, Jumanne ya wiki hii ninayoisimulia, mtihani wake wa mwisho ulikuwa umebakisha siku tatu. Ijumaa baada ya sala ya alasiri alitakiwa akae mbele ya kompyuta, watu watatu wa mbali wamhoji juu ya kazi yake. Usingizi ulikuwa umeshampaa. Meza ilikuwa imejaa karatasi zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu za wino wa majimaji, zile zile za kusahihishia mitihani: mistari yenye mishale, mistari ya mawimbi, duara juu ya duara, na herufi za Kigiriki pembeni. Karatasi moja alikuwa ameikata kwa mstari mmoja mrefu. Humo alisukuma hesabu yake hadi kwenye nishati iliyo juu ya mpaka, na nyongeza ya tatu ikatoka kubwa kuliko ya kwanza na ya pili zikiwekwa pamoja. Hesabu nzima ilikuwa haifai kitu.

Hapo ndipo Mwatum alipopiga hodi. Mwatum ni jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa miaka ishirini na minane, mumewe yuko dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na wavuvi wenzake na harudi mpaka mwezi uishe. Mwanawe wa pekee, Khairat, wa miaka mitano, alikuwa ameamka na homa.

"Nakuomba uniandikie, Mwalimu," Mwatum akasema. Alikuwa na sahani.

"Siandiki, Mwatum. Unajua siandiki."

"Japo kidogo tu."

Ummkulthum alichoka. Alikuwa na hofu zake za kumtosha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa vidonge vinne vya homa, akavifunga kwenye karatasi iliyokuwa karibu na mkono, kama kila mtu hapa anavyofunga njugu, bizari au chumvi. Ikawa ile aliyoikata. Akampa na kumwambia ampe mtoto nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, na homa isiposhuka kesho yake wende hospitali. Mwatum aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akaibusu. Ummkulthum aliliona lile busu. Alidhani ni shukurani ya vidonge, akarudi kwenye hesabu zake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa nne, moyo ulimwambia aende kumtazama mtoto. Tuseme kweli: alikuwa anaukimbia mtihani, na kumjulia hali mgonjwa ni udhuru mzuri. Akakuta mlango umerudishwa, akaingia.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa vidonge. Vilikuwa juu ya kabati la vyombo, vinne, vizima, havikuguswa. Cha pili ilikuwa sahani nyeupe dirishani. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya waridi, na chini ya maji ililala karatasi yake. Mistari ya mawimbi ilikuwa imefifia. Ule mstari mrefu wa kukata ulikuwa bado unaonekana.

Ummkulthum alishika ukuta.

"Mwatum," akasema, "mbona vidonge vipo?"

Mwatum alitoka chumbani, macho mekundu kwa kukesha. "Nimeviweka, Mwalimu. Nilijua vile vya kuzuga macho ya watu, kwa vile ulishasema huandiki. Mie nikajisemea, mtoto wa Mzee Himid hafungi vidonge kwenye karatasi kama ile hivi hivi." Akaishusha sauti. "Nimemnywesha asubuhi tatu. Zimebaki nne."

Chumbani Khairat alikuwa amelala chali. Mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi, na pua ilikuwa ikitanuka. Ummkulthum alimwekea mkono kwenye kipaji akautoa upesi. Aliogopa. Si uoga wake wa radi na boti, ule ambao watu waliucheka na yeye akacheka nao. Huu ulikuwa wa zamani zaidi. Alimwona mama yake kwenye kitanda cha kamba, na sahani pembeni, na maji ya manjano yanayotikisika kila mtu alipopita. Na safari hii wino ulikuwa wake.

"Nisikilize," akasema mbio mbio. "Ile si kombe. Mle hamna aya, hamna hata herufi moja ya Qur'ani. Ni hesabu za skuli, na nilizikosea, ndiyo maana nikazifungia vidonge. Haiponyeshi. Mie sijui kitu, Mwatum, wallahi sijui kitu!"

Akaona uso wa Mwatum unalainika. Mwatum alikuwa anatabasamu, kwa adabu, kama mtu aliyesikia alichokitarajia.

"Na baba'ko akisema maneno hayo hayo," akasema.

Ummkulthum alikaa kitako kwenye ukingo wa kitanda. Ukweli alikuwa ameutoa wote, na ukweli umepokewa kuwa unyenyekevu. Angeapa zaidi, angeaminiwa zaidi. Angempokonya mtoto, kina mama wangejaa mlangoni wakimwuliza kwa nini anakatiza dawa yake mwenyewe siku ya nne. Alimsikia Khairat akivuta pumzi, na kila pumzi aliisubiri ile inayofuata kwa hofu kuwa haitakuja.

Akajilazimisha kufikiri. Jambo pekee alilolijua vizuri duniani lilikuwa lile la kwenye karatasi.

"Jumanne alikuwaje?" akauliza.

"Homa tu. Akicheza."

"Jumatano?"

"Homa na kikohozi. Akakataa kula."

"Jana?"

"Jana akatapika. Usiku alikuwa akinena maneno hayaeleweki."

"Na leo?"

Mwatum aligeukia kitanda. Alimtazama mtoto.

"Haya," Ummkulthum akasema, na sauti iliyomtoka ilikuwa tulivu hata mwenyewe ikamshtua. "Karatasi ile ina mpaka. Umeuona mstari mrefu uliokatisha kati? Huo nimeupiga mwenyewe. Maana yake hapo ndipo inapokomea. Kitu kikifanya kazi ndani ya mpaka wake, kinachobaki hupungua kila siku. Kesho kidogo, keshokutwa kidogo zaidi. Wewe umenihesabia siku nne, na kila siku kilichoongezeka ni kikubwa kuliko cha jana. Tumeshavuka, Mwatum. Tulivuka Jumatano. Huku tuliko, karatasi haina neno la kusema. Ukimnywesha tena, unamnywesha maji."

"Lakini zimebaki asubuhi nne."

"Hazikubaki. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye ninayekwambia imekwisha."

Ummkulthum alikuwa ameificha mikono chini ya buibui ili isionekane inavyotetemeka. Alifikiri: Mwatum akisema hapana, mtoto huyu atakufa mbele yangu, na Gando nzima itasema ameuliwa na karatasi ya binti wa Mzee Himid, na Gando itakuwa imesema kweli.

Mwatum aliivuta kanga kwenye kamba. "Nyange yupo na gari?" akauliza.

Nyange alikuwapo, amelala chini ya gari lake la kubebea magunia, anafunga nati. Alitoka na mafuta mpaka kwenye masikio, akamwona mtoto, hakuuliza nauli wala hakunawa. Walikaa mbele wote watatu, Khairat amelazwa mapajani. Njia ya Wete haikuwa ndefu, lakini Ummkulthum, ambaye siku zote aliwasihi madereva wapunguze mwendo, alisikia sauti yake ikisema, "Kaza, Nyange, kaza." Aliweka kidole chini ya pua ya mtoto. Kilipopata joto alihesabu moja. Kilipopata tena alihesabu mbili. Alipofika mia na arubaini walikuwa langoni.

Daktari alikuwa binti mdogo, Shatha jina lake, na alikimbia alipoona zile mbavu. Wakamvika mtoto oksijeni, wakamchoma sindano, wakamchoma nyingine. Nimonia, alisema. Kisha akageuka na kalamu mkononi. "Amekunywa dawa gani mpaka sasa?"

Mwatum alimtazama Ummkulthum. Ungeweza kusema "hakunywa kitu" ukapita salama, na ulimi wa Ummkulthum ulikuwa umeshaanza kuelekea huko.

"Wino," akasema. "Wino mwekundu wa kalamu, kwenye maji, asubuhi tatu. Ni wangu."

Daktari Shatha akasema wino kiasi kile haumdhuru mtoto, kilichomdhuru ni zile siku zilizopotea, na akaandika alichoandika. Ummkulthum alikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Alasiri iliadhiniwa, watu watatu wa mbali wakamngoja kwenye kompyuta isiyowashwa, naye hata hakukumbuka. Alikuwa akitazama kitasa cha mlango. Kila kilipozunguka alihisi anakufa yeye.

Magharibi kitasa kikazunguka, na muuguzi akasema mtoto ameomba chai.

Ummkulthum alilia kwa sauti mpaka watu wakadhani amefiwa.

Khairat alikaa hospitali siku tisa. Chuo kilikubali udhuru, wakampa siku nyingine, na siku hiyo mmoja wa wale watatu akamwuliza swali alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo: hesabu yako inavunjika wapi, nawe utajuaje? Alilijibu bila ya kutazama karatasi, kwa muda mrefu kuliko walivyohitaji. Alifaulu. Habari hiyo hakumwambia mtu ila Talib.

Wiki moja baadaye Mwatum alikuja akakaa barazani kwake. Alikuwa na ile karatasi, imekauka, imenyooshwa, imefungwa kwenye leso. Akaiweka kati yao.

"Nataka uniambie kweli," akasema. "Ule mpaka ulikuwapo, au uliniambia ili niinuke?"

Ummkulthum aliona hapa hapana pa kujificha. "Mambo yote uliyodhani yamo kwenye karatasi hii hayamo," akasema. "Mstari niliupiga kwa sababu nilikosea. Lakini mpaka upo. Ndilo jambo pekee la kweli nililokwambia siku ile, na ndilo ninalolisomea."

Mwatum aliikunja ncha ya leso. Ummkulthum alingoja matusi. Aliyastahili, na alikuwa ameshajiandaa.

"Mama'ngu, Mungu amrehemu," Mwatum akasema, "ndiye aliyekuwa akimpelekea mama'ko ile sahani kitandani, siku za ugonjwa wake. Akinihadithia. Alisema siku mbili za mwanzo Mzee Himid aliandika vizuri. Siku ya tatu mkono ukaanza kumtetemeka. Zafarani ikamwagika, ikabidi aanze upya. Akatetemeka hivyo hivyo mpaka ya saba."

Miaka ishirini na minane Ummkulthum alikuwa akijiuliza, na jibu lilikuwa nyumba ya pili.

"Basi alijua," akasema. "Alijua siku ya tatu. Kwa nini hakusema?"

"Angemwambia nani, Mwalimu? Wote walikuwa wakimngoja yeye."

Karatasi ilikuwa kati yao na hakuna aliyeigusa. Kisha kutoka njiani ikasikika hodi, na mwanamke mmoja wa Kiuyu ambaye Ummkulthum hakupata kumwona akasogea barazani, mtoto mgongoni, sahani nyeupe imefungwa kwenye kitambaa. Habari ilikuwa imeshafika huko: binti wa Mzee Himid sasa anaandika.

Mikono ya Ummkulthum ikaanza kutetemeka, na safari hii hakuificha. Zamani angesimama aingie ndani na kufunga mlango. Aliitazama ile sahani, akamtazama mtoto, akamsogezea mama nafasi kwenye mkeka.

"Karibu, kaa," akasema. "Homa imeanza lini? Nihesabie siku moja moja."